Toronto ilicheza kikapu kabla ya Raptors

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu Toronto Raptors, timu ya mpira wa kikapu ya mji wa Toronto, Kanada, nimeisoma yote na nimeifurahia, ila pale unaposema mpira wa kikapu wa kulipwa ulifika Toronto mwaka 1995, umeruka utamu wenyewe. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi tunayoiita leo NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani na Kanada, ilichezwa mji huohuo, tarehe 1 Novemba 1946, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens. Wenyeji walikuwa Toronto Huskies, na New York Knickerbockers wakawafunga 68 kwa 66. Ili viti vijae, ilitangazwa kwamba shabiki yeyote anayempita kwa urefu George Nostrand, mchezaji mrefu kuliko wote wa Huskies, anaingia bure! Timu hiyo ilidumu msimu mmoja tu.

La pili, sisi wasomaji wa Kenya hatukustahili kunyimwa: Masai Ujiri, kiongozi aliyeijenga timu ya Raptors iliyotwaa ubingwa wa NBA wa 2019, mamake ni Mkenya. Ndiye aliyekubali kumtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili ampate mchezaji Kawhi Leonard. Matunda yake tuliyaona dhidi ya timu ya Philadelphia, mchezo wa saba na wa mwisho wa mfululizo wao wa mtoano: mpira wa Kawhi ulidunda mara nne juu ya ringi, muda umekwisha, kisha ukazama. Na kikosini walikuwemo Siakam wa Cameroon na Ibaka wa Kongo-Brazzaville. Vijana wetu wanaofanya mazoezi hapa Makande, Mombasa, wanastahili kuyajua haya. Tafadhali yaongezwe kwenye makala.