Mtoto wa Dunguni na Tembo wa Serikali

Kila mwaka kati ya Februari na Mei, madaftari ya mahudhurio katika shule za msingi za vijiji vilivyo kandokando ya pori, huku Liwale na Nachingwea mkoani Lindi, hujaa alama za utoro wa watoto ambao kijiji kizima kinajua waliko. Wako dunguni. Nilifundisha miaka minne katika mojawapo ya shule hizo, na ikifika Machi nilizoea kuita majina na kujibiwa na wenzao: "Yuko shamba, mwalimu." Dungu, kwa msomaji wa mjini asiyelijua, ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi, ambamo mlinzi wa shamba hukesha akiwa na debe bovu la kugonga na tochi ambayo betri zake zimekwisha nguvu. Mchana mtoto hufukuza nyani na ngedere, usiku baba yake hupambana na nguruwe pori, na tembo wakiingia hakuna anayelala, mkubwa wala mdogo.

Tunapozungumza kuhusu uhifadhi huku Kusini, kwa kawaida tunaanza na mnyama, tukafuata na mapato, kisha elimu ikaja mwishoni kama zawadi: darasa moja limejengwa, limepakwa rangi, na kibao cha mfadhili kimetundikwa mlangoni. Naona tumeanzia mkiani. Hifadhi inayotaka kujua kama inaishi vizuri na majirani zake ingeanza kwa kuuliza ni watoto wangapi wa vijiji hivyo waliokuwa darasani mwezi Machi.

Uhusiano wa tembo na darasa si wa kubuni. Katika shule yetu uji wa mchana ulitokana na mahindi waliyochanga wazazi, debe kwa debe, baada ya mavuno. Mwaka ambao tembo walipita kwenye mashamba ya upande wa bondeni, michango ilikatika kabla muhula haujafika katikati, jiko la shule likazimika, na watoto waliokuwa wakitembea saa nzima kuja shuleni wakaona afadhali kubaki nyumbani. Hatukupoteza mahindi peke yake mwaka ule. Kamati ya shule ilikutana mara mbili kulijadili jambo hilo, na sikumbuki hata mara moja ambapo mtu wa wanyamapori alialikwa au aliomba kuhudhuria.

Historia nayo ina uzito wake. Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa katika miaka ya 1940 kutoka ardhi ambayo baadaye ikawa ndani ya Pori la Akiba la Selous, kwa sababu iliyotajwa kuwa ugonjwa wa malale, na wazee bado wanayataja makazi ya zamani kwa majina. Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2014 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, baada ya ujangili kupunguza tembo wa eneo hilo kutoka zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 30,000. Ulinzi umeimarika tangu wakati ule, nami nafurahi kwa dhati, lakini kwa muda mrefu watalii wa kupiga picha wameingilia na kulala zaidi upande wa kaskazini, kandokando ya Mto Rufiji, ilhali tembo hawajui upande wa watalii ni upi.

Mkulima aliyeliwa shamba lake hupewa kifuta jasho. Jina lenyewe ni la kweli, kwa maana halidai kuwa fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha juu cha shilingi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, na kiwango hicho kilihusu shamba lililo zaidi ya kilomita tano kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa kanuni hizo, kadiri shamba lilivyokaribia mpaka malipo yalipungua, na lililokuwa ndani ya mita 500 halikulipwa chochote. Ninaelewa nia ya kuzuia watu wasilime mpakani. Hata hivyo, kijiji ambacho mpaka ulikifuata hapo kilipo kinaisoma kanuni hiyo kwa namna tofauti kabisa.

Wanaodhani wanakijiji hawawezi kutunza kitu wakaitazame Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupangia bei na kubaki na mapato ya mazao yake, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora. Mti wao mkuu ni mpingo, uleule wanaouchonga Wamakonde na unaotengenezewa klarineti huko Ulaya. Fedha za magogo zinapofika, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua zitakwenda wapi, na katika vijiji vya wilaya hiyo vyenye misitu ya namna hii zimefika hadi kwenye majengo ya shule. Mtu akikata mti kwa wizi, ameiba kwa jirani yake anayemjua.

Kwa wanyamapori mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kisheria mnyama ni mali ya umma na kijiji hupewa haki ya matumizi tu kupitia Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani chombo cha vijiji kadhaa vilivyoungana, kama ile ya Magingo huku kwetu Liwale. Mgawo wa ada za uwindaji hutegemea watu walio mbali, na unapochelewa kijiji hakina wa kumuuliza. Sipendekezi tembo wawe mali ya kijiji. Ninachopendekeza ni kwamba sehemu ya mgawo huo ifungwe kwa matumizi mawili kabla ya jingine lolote: chakula cha shule katika miezi ya njaa, na ulinzi wa mashamba unaomwondoa mtoto dunguni.

Ulinzi huo hauhitaji maajabu. Kamba ya katani iliyozungushiwa vitambaa vilivyopakwa pilipili kichaa na oili chafu huwafanya tembo wengi wageuze njia, ilimradi ipakwe upya mvua inapoiosha. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya hufanya kazi hiyohiyo na kuleta asali, ambayo Wangindo hawahitaji kufundishwa namna ya kuirina. Uzio mwingi huachwa msimu wa pili, wafadhili wakishaondoka, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kuupaka. Vijana wanaopitia mafunzo ya askari wa wanyamapori wa vijiji pale Likuyu Sekamaganga, mkoa jirani wa Ruvuma, wangeweza kuajiriwa na jumuiya kwa kazi hiyo hasa, kuanzia mahindi yanapobeba hadi yanapovunwa.

Na taarifa ya jumuiya inayosomwa mbele ya mkutano wa kijiji, pamoja na idadi ya doria na mitego iliyoteguliwa, iwe na ukurasa mmoja kutoka kwa mwalimu mkuu: waliopo Februari, waliopo Machi, waliopo Aprili. Daftari lipo tayari kabatini.