Kamusi ya Maalim

Shangazi yangu anayekaa Maskati haji mikono mitupu. Miaka yote ni halua, udi, na mablanketi mazito ambayo Unguja hayana kazi ila kumtoa mgeni jasho. Safari hii alikuja na boksi ambalo vijana wawili walilishusha garini wakitaja bismillahi kila hatua. Ndani mna mashine ya kudarizi. Si cherehani, cherehani tunazijua. Hii ina kioo kidogo cha kugusa kwa kidole, ina tundu la kuchomekea flashi, na ina mkono unaoishika fremu ya kubania kitambaa na kuivuta huku na kule, sindano yenyewe imeganda pale pale inagonga tu. Shangazi kanunua mpya, akaona hii ya zamani aiozeshe kwetu. Plagi yake ina zile pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo hata kisingizio cha kukosa adapta sikupata.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe kazi yako kutia uzi na kubonyeza hapa. Mengine inajua yenyewe."

Maneno hayo nimeyaweka. Ipo siku nitamsomea mbele ya mashahidi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Mkubwa mmoja anayeshona kofia za viua. Mwenye kuijua kazi hiyo anaijua: kitambaa cheupe, sindano ya mkono, na vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja mpaka kofia nzima ijae nakshi. Kofia moja nzuri inakula miezi. Alikuja kuiangalia mashine, akaketi, akapewa chai, na kabla hajaimaliza mashine ikawa imetoa ua zima lenye majani yake. Akatikisa kichwa.

"Inashona mbio," akasema. "Na ikiharibu nayo itaharibu mbio."

Nikamcheka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Ndipo ikaja habari ya kumuaga Maalim. Maalim katusomesha Kiswahili sisi, akawasomesha kaka zetu kabla yetu na watoto wao baada yetu, mpaka serikali ikamwambia basi, sasa pumzika. Kamati ikakaa. Mmoja akataka saa ya ukutani, mwingine akataka seti ya makochi kwa mchango ambao usingenunua hata mto wake. Maalim alipopata fununu akatuma salamu: yeye hataki kitu, ila kila mwanafunzi wake wa zamani alete kitabu kimoja kwa ajili ya maktaba ya skuli. Watu wakasifu. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Na kila kitabu kiwe na kialamisho cha kuwekea ukurasa, kilichodariziwa. Nitavifanya mimi." Vitabu 40. Pamoja na kamusi ya Maalim mwenyewe, ile aliyokuwa akiingia nayo darasani kwapani tangu tukiwa wadogo, ambayo mkewe atatupenyezea kwa siri ili tumfanyie jambo la ghafla.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa fremu. Fremu ya mashine hii ni mraba wa sentimita 10 kwa 10, na kialamisho cha heshima kinataka sentimita 15. Mjomba, aliyesomesha hesabu, akasema hilo ni jepesi: kilaze mshazari, pembe hadi pembe. Akaomba kalamu, akachora, Pythagoras akaingia sebuleni kwetu. Ulalo wa mraba wa sentimita 10 ni sentimita 14 na ushei. Tukampigia makofi. Bi Mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa hapitwi na kitu, akauliza, "Hicho kidude chenyewe hakina upana?" Kina. Na ukikipa upana wa sentimita 3 tu, pale mshazari urefu unaobaki ni sentimita 11. Tumemsumbua Mgiriki wa watu kwa sentimita moja. Nikaamua nivishone wima, viwili viwili ndani ya fremu, na kishada cha nyuzi kifidie kilichopungua.

Sasa mimi sikutaka vya kitambaa. Nilikwisha kuona picha za vialamisho vya lesi tupu, nyuzi zimeshikana zenyewe hewani, unaona maandishi ya kitabu ng'ambo ya pili. Siri yake ni plastiki nyembamba inayoyeyuka majini: unaibana kwenye fremu badala ya kitambaa, mashine inashona juu yake, ukimaliza unatumbukiza majini, plastiki inakwenda zake, inabaki lesi. Shangazi aliniachia mzinga mzima wa plastiki hiyo, na nasaha ya kuifunga ndani ya mfuko usioingia hewa kwa sababu inavuta unyevu. Nikaiweka juu ya kabati, katikati ya masika. Nilipoirudia ilikuwa inanishika vidole. Nikaona ni mapenzi.

Kwenye intaneti nikapata waridi la bure. Zuri, petali zake zina vivuli vya rangi tatu, bua limejipinda kwa madaha. Nikalitia kwenye flashi, nikabonyeza. Mashine ikafanya kazi yake, mimi nikafanya yangu ya kupiga picha. Nikazituma kwenye kundi la kamati, wakanijazia makofi na mioyo, mpaka yule aliyetaka makochi akaandika "MashaAllah".

Nikaandaa beseni la maji ya vuguvugu. Nikatumbukiza mawaridi yote kwa pamoja, maana mtu mwenye imani hafanyi majaribio. Plastiki ikayeyuka vizuri sana. Kisha bua likaagana na ua. Kisha petali moja ikajitenga, ya pili ikaifuata, kila rangi ikashika njia yake, na nilipotia mkono niokoe chochote, nikatoka na fumba la nyuzi nyekundu na kijani linalochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Bi Mkubwa akachungulia mlangoni.

"Unapika tambi?"

"La, Bi Mkubwa."

"Basi hata iliki usitie, hazitaliwa."

Nikamtumia Shangazi picha. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nawasikia watu wanacheka, kwa hiyo najua picha ilikwisha kuzunguka Maskati nzima. Akanieleza: lile waridi ni la kushonwa juu ya kitambaa, mishono yake inategemea kitambaa kiishikilie. Michoro ya lesi ni mingine. Ile huanza kwa kushona wavu, mstari kwenda na mstari kukata, halafu ndiyo maua yanakaa juu ya wavu huo; plastiki ikiondoka, wavu ndio unaobeba. Na uzi wa bobini uwe rangi moja na wa juu, kwa sababu lesi haina nyuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe uliniuliza bei."

Nikatafuta mchoro wa lesi wa kweli, tawi la karafuu lenye wavu chini yake. Mishono yake kiasi cha 10,000 kwa kialamisho kimoja. Mashine hii inakwenda mishono 400 kwa dakika, kwa hiyo kimoja kinataka dakika 25, na 40 vinataka kama saa 17, mbali na bobini kuisha, uzi kukatika, na umeme. Umeme ulikuwa na mpango wake. Ukikatika katikati ya tawi, ukirudi mashine inaamka haikumbuki hata ilipolala. Inakurudisha mwanzo, nawe unahesabu mishono mbele kwa kidole, mia, mia, kumi, moja, unatafuta mahali ilipoachia. Ukikosea kidogo unapata karafuu juu ya karafuu. Vya namna hiyo nilivipa jina la karafuu za Pemba, kwa kuwa huko ndiko zinakozaa zaidi, na hakuna aliyeuliza.

Vikaisha. Nikavisuuza vizuri, tena na tena, na safari hii lesi ikabaki lesi. Ila ikawa teketeke. Ukiishika inalala juu ya kidole kama haina mfupa. Ukiitia kitabuni inajikunja ndani huko, ukifungua unakuta tonge. Nikampigia tena Shangazi.

"Umesuuza mno," akasema. "Ile plastiki ikiyeyuka inakuwa gundi. Usiitoe yote. Acha kidogo ndani ya nyuzi, anika, ikikauka lesi inakakamaa yenyewe."

Acha kidogo. Sasa kidogo ya mtu mwenye kiyoyozi chumbani na kidogo ya mtu aliye Unguja mwezi wa Aprili si kidogo moja. Mimi gundi ile nilikwisha kuitoa, kwa hiyo nikaikata plastiki nyingine, nikaiyeyusha ndani ya bakuli mpaka uji ukawa mzito, nikavitosa vialamisho humo, nikavinyoosha juu ya meza. Nikavipulizia feni usiku kucha. Asubuhi nikakishika kimoja kwa ncha, kikasimama wima. Nikakigonga mezani, kikalia *ko*. Nikafunga vishada, nikavipeleka skuli, wanakamati wakavipigisha *ko, ko, ko* kila mmoja na chake, wakasema hivi hata mjukuu atavirithi.

Tukavitia vitabuni. Kialamisho kizuri zaidi, chenye kishada cha uzi wa dhahabu, kikaingia ndani ya kamusi ya Maalim. Vitabu vikapangwa ndani ya maboksi, kamusi katikati, maboksi yakawekwa ofisini, na juu ya maboksi mwenye zamu akaona pana nafasi nzuri ya kuweka spika mbili za shughuli na furushi la mahema. Kisha mvua ikaanza. Si manyunyu. Mvua ya masika yenyewe, ile ambayo chumvi inageuka maji ndani ya kopo, kiatu kinaota ukungu kabatini, na milango inavimba haifungiki. Kila kilichokuwa kikavu Unguja kiliacha kuwa kikavu. Pamoja na gundi yangu.

Siku ya shughuli jua likatoka. Ukumbi umepambwa, biriani linanukia tangu getini, Maalim kavaa kanzu na kofia aliyoshonewa na Bi Mkubwa, kofia ambayo, nilijulishwa mara nyingi asubuhi ile, haikuhitaji umeme. Mgeni rasmi akaalikwa apokee vitabu kwa niaba ya maktaba. Akachagua kimoja juu, akasema atasoma maneno machache kutoka humo kama baraka.

Akafungua jalada. Likafunguka. Akafungua pale penye kishada. Hapakufunguka. Akatabasamu, akatia kidole gumba, akavuta kiungwana. Akavuta kidogo zaidi. Kipaza sauti kilikuwa karibu, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia *chrrrrr*. Kurasa mbili zikatengana, na lesi yangu ikabaki ukurasa wa kulia pamoja na nusu ya maneno ya ukurasa wa kushoto. Akaiangalia. Akakiweka, akachukua cha pili. *Chrrrrr*. Mwalimu mkuu akamsaidia na cha tatu. Watoto wa skuli waliokaa mbele wakaanza kusubiri sauti, na kila ikitoka wanashangilia.

Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilivaa makubadhi.

"Si ulisema inayeyuka kwa maji?" Bi Mkubwa akaninong'oneza. "Waambie wavitose vitabu."

Mwenyekiti wa kamati akaona aiokoe hali kwa kulileta lile jambo la ghafla. Akaibeba kamusi kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya Maalim, akasema imepambwa na mwanafunzi wake. Akanitaja kwa jina na jina la baba. Maalim akafurahi. Akavaa miwani. Akashika kile kishada cha dhahabu kwa vidole viwili, akavuta, na kamusi nzima ikanyanyuka mezani, ikaning'inia.

Ukumbi ukanyamaza. Nilisikia feni.

Maalim akaishusha taratibu. Akafungua ukurasa wa kabla ya gundi, akasoma. Akafungua ukurasa wa baada ya gundi, akasoma. Akavua miwani, akavuta kipaza sauti.

"Huku ukurasa unaishia na *nyama*," akasema. "Huku unaanza na *nyoka*. Yaliyo katikati yamefungwa na mwanafunzi wangu. Basi kuanzia leo mimi nyangumi simjui. Nyani simjui. Nyanya sizijui, mniwie radhi wapishi. Nikiona majani yameota uwanjani sitajua kuwa ni nyasi."

Watu wameshikana mabega kwa kicheko, mgeni rasmi anafuta macho kwa leso. Mwenyekiti akamsogelea Maalim, akamnong'oneza kuwa ratiba imebana, labda afupishe.

"Afupishe nini?" Maalim akauliza, kipaza sauti kikiwa mdomoni. "Na *nyamaza* nayo si imo humo humo? Sijui hata maana yake."

Akaendelea mpaka biriani likapoa.