Reiki: Kinachomtuliza Mgonjwa Ni Nguvu au Ni Mikono?

Mtoa Reiki, yaani tiba ya kumwekea mgonjwa viganja ili kumpitishia nguvu ya uhai, hudai kwamba yeye ni mfereji tu. Maji hayatoki kwake. Jina lenyewe ni la Kijapani: rei hugusa mambo ya kiroho, ki ni nguvu ya uhai. Mikao Usui alianza kuifundisha Tokyo mwaka 1922, baada ya siku 21 za kufunga na kutafakari, kama inavyosimuliwa, katika mlima Kurama karibu na Kyoto. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, aliipa sura ya tiba ya kitandani, na Hawayo Takata akaifikisha Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kikao kamili huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mpokeaji hulala na nguo zake, viatu pembeni. Mtoaji hunawa, huvua saa na pete, kisha huweka viganja, vidole vikiwa vimeshikana, katika mikao ambayo kwa kawaida ni 12: minne kichwani, minne upande wa mbele wa kiwiliwili, minne mgongoni. Kila mkao hupewa dakika tatu hadi tano. Hapakandwi wala kusukumwa kitu. Kwenye koo, matiti, sehemu za siri na kidonda kibichi, viganja hubaki hewani, sentimita chache juu ya mwili.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. Mtoaji akisimama ameinama, mgongo wake huchoka, na bila kujua huanza kumwegemea mgonjwa. Dawa yake ni kiti. Viganja vya baridi humshtua mtu aliyekwisha anza kusinzia. Manukato humtia kichefuchefu anayepata kemotherapi, yaani dawa kali za saratani. Na aliyelala saa nzima akiinuka ghafla atapata kizunguzungu, kwa hiyo hukalishwa kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika mbili tatu.

Je, inafanya kazi? Jibu linategemea unachomaanisha kwa neno “inafanya”. Hakuna kifaa kilichowahi kuthibitisha kwamba hiyo ki ipo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 100 wenye fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima. Walihudumiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, wengine na walimu wa Reiki, wengine na waigizaji waliojifanya walimu hao. Wapo walioguswa na wapo ambao hawakuguswa. Maumivu hayakutofautiana.

Utafiti unaonifikirisha zaidi ni wa 2011, kwa wagonjwa 189 wa kemotherapi. Kundi moja lilipewa Reiki, la pili Reiki ya bandia, yaani ya kuigiza tu, la tatu huduma ya kawaida tu. Makundi mawili ya kwanza yalijisikia vizuri kuliko la tatu, na bandia haikuachwa nyuma na halisi. Mpinzani atasema: basi, nguvu haipo. Mtetezi atajibu kwamba mgonjwa amepata nafuu, na nafuu si kitu cha kudharau. Wote wawili wana hoja. Mtu anayengoja sindano akiwa na hofu, akipata saa moja ya ukimya na mikono ya mtu asiye na haraka, atatulia, na hilo halihitaji kuelezwa kwa nguvu isiyoonekana. (Hospitali chache humpa mgonjwa saa nzima ya mtu mmoja.)

Upande wa watetezi kuna pia mapitio ya 2017, yaliyokusanya tafiti 13 na kuona kwamba nane ziliipa Reiki ushindi dhidi ya bandia. Ila nyingi ya tafiti za fani hii ni ndogo, na matokeo hupimwa kwa kumwuliza mtu anavyojisikia. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu wasiwasi na sonona yalipata tafiti tatu tu zilizofaa, zenye watu 124, na hayakuona ushahidi wa kutosha kusema ndiyo wala hapana.

Mikono yenyewe haimdhuru mtu. Maneno yanayoandamana nayo ndiyo yanayoweza kumwua. Baadhi ya watoaji husema maumivu yakizidi baada ya kikao ni mwili unajisafisha. Kwa mwenye maumivu ya kifua au homa isiyoshuka, maelezo hayo yanaweza kumchelewesha hadi wakati wa tiba uwe umepita. Daraja la kwanza la mafunzo mara nyingi humalizika kwa siku moja au mbili, na hakuna anayejifunza kutambua ugonjwa kwa muda huo. Anayekuambia uache insulini, au anayetaja ugonjwa wako kwa joto la viganja vyake, amevuka mipaka ya kazi yake; ondoka.

Halafu kuna Reiki ya mbali, inayofundishwa daraja la pili, ambapo mtoaji huchora alama na kumtumia nguvu mtu aliye mji mwingine. Hapo mikono imeondoka, na mtu wa kukaa kando ya kitanda ameondoka pia. Kilichobaki cha kulipia ni ile ki peke yake, yaani sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuithibitisha.