Hamieni Wote Wawili

Nina ushauri kwa vijana wanaofunga ndoa mwaka huu. Mkipata nafasi ya kuanzia maisha katika mji ambao hakuna hata mmoja wenu mwenye shangazi pale, ichukueni. Na mkihama, hameni wote wawili, siku moja, basi moja. Msimtangulize mmoja akaangalie mazingira huku mwingine akibaki nyuma, kwa sababu kuangalia mazingira huwa kunachukua miaka.

Naandika nikiwa Dodoma, ambako kuhama nusu kumeshakuwa mtindo wa maisha. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje hapa, ila watumishi walianza kufungasha kweli kweli baada ya tamko la Rais John Magufuli mwaka 2016, na sheria ya kuutambua mji huu kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 na ushee. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Mji umejaa. Lakini nenda stendi au stesheni Ijumaa jioni uone watu wazima wenye mabegi madogo ya mgongoni, kila mmoja anamkimbilia mwenzake aliyebaki Dar es Salaam. Treni ya umeme ilipoanza kuleta abiria hadi hapa Julai 2024, safari ikawa ya saa nne hivi au pungufu, na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Bado nikiwaona wale ndugu kwenye foleni huwa naumia. Simu na treni vinabeba mambo makubwa: ada ya mtoto, fundi aliyekula hela, mama anayeumwa. Yale madogo yanayowafanya watu wawili wacheke hadi washike ukuta hayasubiri Ijumaa. Yanatokea Jumanne saa mbili usiku, na Jumatano yameshapoteza ladha.

Mimi ni wa Tanga. Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Yeye alipata ajira hapa muda mfupi baada ya harusi, na tulipokaa kujadili, ndugu wa pande zote mbili walikuwa na pendekezo moja: yeye aende kwanza. Tulikataa kwa heshima. Tukaja na magodoro, jiko la gesi, ndoo, na mbuzi yangu ya kukunia nazi ambayo konda wa basi alitaka iwe chini kwenye buti na mimi nikataka iwe miguuni kwangu. Ilikaa miguuni kwangu hadi Dodoma, kupitia Chalinze na Morogoro.

Habari za dalali nitazipita haraka, kwa kuwa madalali wa nchi hii wamesoma shule moja. "Maji yapo" maana yake bomba lipo. "Karibu na lami" maana yake ukiwa juu ya paa unaiona. Tulipata vyumba viwili na sebule Nkuhungu, nyumba yenye dirisha linalotazama mbuyu, na siku ya kwanza tulikula mikate na soda tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mume wangu akainua chupa akasema, "Leo hatuna mjomba wa kutuuliza kwa nini hatujanunua sofa." Tulicheka muda mrefu. Hapo nilianza kuona faida ya kuwa wageni.

Mtu akiolewa mji wa kwao, ana timu nzima nyuma yake. Mume akichelewa, kuna dada wa kupigiwa. Chumvi ikizidi, kuna mama wa kuelezwa. Mkiwa wageni wote wawili, mnabaki wawili tu, na kila jambo linalowashangaza linawashangaza pamoja. Hakuna mwenyeji wa kumfundisha mwenzake kwa sauti ya mwalimu. Mji ambao ni wa mmoja wenu unampa mmoja wenu kiti cha enzi. Mji usio wa yeyote unawakalisha mkeka mmoja.

Chukua suala la mboga. Kwetu Tanga chakula bila tui la nazi ni chakula kilichoachwa njiani. Kwao Tabora mboga inaungwa kwa karanga, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, zenye karanga ndizo zilizomlea. Tungekuwa Tanga, nazi ingeshinda bila kupigiwa kura. Tungekuwa Tabora, mama mkwe angenifundisha kutwanga karanga wiki ya kwanza. Lakini Dodoma inalima karanga kwa wingi, na nazi inafika kwa lori, kavu, kwa bei ya ugenini. Mume wangu alirudi kutoka Soko la Majengo na kilo zake za karanga, akaziweka mezani kama mtu anayewasilisha hoja bungeni. "Hapa karanga ni mwenyeji," akasema, "nazi ni mgeni kama wewe na mimi. Mgeni hatawali."

Tulikaa kikao. Azimio likawa karanga siku za kazi, nazi Jumamosi na Jumapili. Lilifanya kazi vizuri mpaka zikaja sikukuu za kitaifa, ambazo hatukuwa tumezitaja. Saba Saba ilipoangukia katikati ya wiki, kila mtu alisimama upande wake. Yeye akanikumbusha kwamba mkutano wa TANU wa 1958 uliotoa uamuzi wa busara ulifanyika Tabora, kwa hiyo watu wa Tabora wanajulikana kwa kuamua vizuri. Nikamwambia reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa kutokea Tanga miaka ya 1890, kwa hiyo tumewatangulia katika kila kitu, hata kupika. Tulibishana hivyo huku moto umeshawaka na mchele umeshaoshwa. Siku ile tulikula wali wa nazi na mboga ya karanga, na alikula sahani mbili bila kutoa tamko lolote.

Mshindi halisi wa mgogoro ule ni mlenda. Wagogo wanakausha majani yake na kuyasaga yawe unga, na bibi wa jirani akatuletea kibakuli, amepika kwa karanga, pamoja na ugali wa uwele. Mume wangu alijua namna ya kumega tonge, kuchovya na kukata ule uzi kwa kuzungusha kidole. Mimi nililelewa na mchuzi usiomfuata mtu mpaka mdomoni. Bibi akanionyesha kwa subira, mara moja, mara mbili, na uzi ulipokatika alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani ndani. Sasa mlenda ni wetu wote wawili, kwa sababu haukutoka kwa mama yangu wala kwa mama yake.

Halafu kuna maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya ndoa yetu imejengwa kwenye maji.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na maji mengi ya mji yanavutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe. Watu wameongezeka haraka kuliko mabomba, kwa hiyo mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na yakija hupenda kuja watu wamelala. Tuna mtindo wetu: kabla ya kulala tunaacha koki wazi na chini yake tunapindua sufuria kubwa. Saa nane usiku sufuria likianza kulia kama ngoma, mume wangu anaruka kitandani akisema, "Mgeni kafika!" Tunatoka na kanga, shuka, ndoo, na usingizi. Yeye anajaza, mimi napeleka kwenye pipa, na katikati ya kujaza na kupeleka tunazungumza. Mambo ambayo mchana hatuyagusi, pale yanatoka yenyewe: hofu zake za kazini, mipango yangu ya kufungua duka la dawa, jina la mtoto ambaye bado hajapangwa. Naamini kwa moyo wote kwamba mgao wa maji ni tatizo linalotakiwa kumalizwa, na kina mama wa mtaa huu wanastahili kulala usiku. Naamini vilevile kwamba mume wangu angekuwa Dodoma na mimi Tanga, mazungumzo yale yasingefanyika kabisa.

Wiki mgeni asipofika, tunakwenda kwa babu wa jirani mwenye kisima. Siku ya kwanza aliposikia lafudhi ya mume wangu, aliuliza kwao wapi. Aliposikia Tabora, alifunga geti akakaa mbele yake kwenye kigoda.

"Mnyamwezi hapiti hapa bure," akasema. "Lipa hongo."

Kumbe kuna deni la zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliyobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huko huko Tabora, kwenda pwani ilikuwa lazima ipite Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo ya vitambaa na shanga, maana visima vilikuwa vyao na jua lilikuwa kali kwa wote. Kutokana na kukutana kule ukazaliwa utani ambao haujafa. Babu alidai doti mbili za nguo, moja kwa ajili ya mume wangu na moja kwa ajili ya babu wa babu yake, ambaye kwa maelezo yake alikunywa akaondoka. Mume wangu, kwa heshima zote, akampa shikamoo kwanza, kisha akamwambia wazee wake walishalipa na Wagogo wamepoteza risiti. Walirushiana maneno robo saa nzima, mimi nimesimama na ndoo, sijui kama nicheke au nikimbie. Mwishowe babu akanigeukia akasema, "Wewe mke wetu ingia uchote, huna kosa. Tatizo ni mzigo uliokuja nao."

Tangu siku ile tuna ndugu. Mume wangu alipotoka likizo Tabora alimletea babu asali ya nyuki wadogo, na babu akaipokea akisema hiyo ni riba tu, deni lenyewe liko palepale. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, kwa basi lililokata Itigi na Manyoni, pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali na kulivuka kwa siku nyingi za kiu, babu alimsubiri getini na kigoda chake. Mama yule, ambaye mimi humpigia goti, alimtazama akamwambia, "Sogea, Mgogo, nina kiu." Akapita. Babu alicheka mpaka akakohoa, na jioni akatuma kuku.

Najua watakaosema mambo si mepesi hivyo, na wana haki. Kuna mke mwalimu ambaye barua yake ya uhamisho wa kumfuata mwenza inazunguka ofisi hadi ofisi. Kuna watoto walio darasa la mtihani. Kuna mzazi mgonjwa wa kuangaliwa. Sina neno na hao, nawaombea. Na kwa wanaosaini barua zile ningependa kusema waziwazi: barua ya kumfuata mwenza ina watu wawili ndani yake, na kila mwezi inapolala kwenye faili kuna chakula cha jioni kinacholiwa na mtu mmoja, sehemu mbili za nchi. Ipeni haraka mnayoipa barua ya semina.

Ninaobishana nao ni wale ambao hawazuiwi na chochote isipokuwa hofu ya mji. Utasikia Dodoma ina vumbi. Ni kweli, upepo wa Julai hadi Septemba unaweza kukuhamishia shamba la mtu sebuleni. Ina baridi. Hilo pia ni kweli. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai mtu wa pwani anavaa sweta na soksi kitandani. Mume wangu husema ameoa mmoja ila usiku analala na mitumba yote ya Soko la Sabasaba. Basi nunueni blanketi la pili. Mkikosa, gombanieni lile moja. Mtapata joto kwa njia hiyo pia. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na zinauzwa barabarani kwa bei ambayo Dar hamuipati. Jioni kuna mawe ya Mlima Simba ya kutazama.

Kama wewe na mwenzako bado mnavutana kuhusu kuhama, niandikieni. Nitawaambia kodi za Nkuhungu na Nzuguni zikoje, fundi gani wa simtanki hadanganyi, na saa ya kufika Majengo Jumamosi kabla Watanga wenzangu hawajamaliza nazi. Kama mmoja wenu ni Mnyamwezi, aje na doti mbili za nguo.