Ngao ya mawimbi ipimwe kwa upepo wa kusi

Kila ninaposoma sifa za ngao mpya ya kuzuia mawimbi ya sumakuumeme, natafuta kwanza jambo moja: ilikaa wapi kabla ya kupimwa? Maana kifaa kinachofanya kazi vizuri katika chumba kikavu chenye kipoza hewa ni kimoja, na kilichokaa Mombasa misimu miwili ya kusi ni kingine kabisa.

Mafundi simu wa Mwembe Tayari wanalijua hili kuliko wengi. Wakifungua simu ya mtu wa pwani, huanza na vibati vilivyofunika chipu kwenye bodi. Kazi ya vibati hivyo ni kuzuia mawimbi ya chipu moja yasivuruge ya jirani yake. Chumvi ikila pembeni, pale kibati kinapogusana na athi ya bodi, mguso unalegea na mawimbi yanapata pa kupenyea. Kibati chenyewe ukikitazama juu kinaweza kuwa bado king'avu.

Ndiyo maana, kwa ngao, nazipenda plastiki zilizochanganywa na kaboni, ambayo haili kutu kama kibati. Plastiki tupu haipitishi umeme, na mawimbi huipita kama haipo. Zamani ilichanganywa na masizi, lakini masizi huhitajika mengi, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, na plastiki ikawa rahisi kuvunjika. Nanotubi za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, zilizopata umaarufu baada ya kazi ya mwanafizikia Sumio Iijima huko Japani mwaka 1991, zinaweza kuifanya plastiki ipitishe umeme zikiwa chini ya asilimia 1 ya uzito. Siri ni umbo. Mwaga punje za mtama sakafuni, kisha mwaga chelewa za ufagio: chelewa chache tu zitagusana kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na mtama utahitaji magunia. Hata hivyo, kupitisha umeme kidogo hakutoshi kuwa ngao. Ili kufikia desibeli 20, yaani kupitisha sehemu moja tu ya mia ya nguvu ya wimbi, huwa lazima kuongeza kaboni au unene. Desibeli 30 ni sehemu moja ya elfu.

Mwaka 2016 ilitangazwa karatasi ya maksini, muungano wa metali ya titani na kaboni uliochambuliwa kuwa tabaka nyembamba mno. Kwa unene wa maikromita 45, mdogo kuliko wa unywele wa watu wengi, ilifikia desibeli 92. Sifa ilizopata ilizistahili. Lakini unyevu na oksijeni huigeuza polepole kuwa oksidi ya titani, ambayo haipitishi umeme vizuri. Bila kufunikwa, kwetu haitadumu. (Titani yenyewe si ngeni huku: mchanga wa Kwale ulipakiwa melini Likoni kuanzia 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Inaniuma kwamba uliondoka ukiwa mchanga.)

Watengenezaji watasema wana kipimo cha chumvi. Wanacho: kifaa hufungiwa kwenye kasha lenye nyuzi 35 za joto na kunyunyiziwa maji yenye chumvi asilimia 5. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha rangi na mabati. Ila kasha halina jua kali la saa saba, halina kulowa usiku na kukauka mchana, na plastiki huchoshwa na hayo hasa.

Kaboni nayo ina hila yake. Haipati kutu, lakini ikigusana na alumini mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, tena haraka kuliko ingekuwa peke yake. Ukifunga kasha la plastiki yenye kaboni kwa skrubu za alumini kwenye mtambo wa bandarini Kilindini, utaanza kuozesha skrubu.

Kwa hiyo nataka vipande vya plastiki hizi vitundikwe kwenye paa la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, vingine vikiwa na skrubu za chuma cha pua na vingine za alumini. Vishushwe kila kaskazi na kila kusi, vipimwe desibeli na ukinzani wa umeme, na matokeo yatolewe hadharani, mabaya kwa mazuri. Wanafunzi wapo na bahari ipo. Gharama kubwa ni mashine ya kupimia mawimbi, na hiyo ndiyo ningeomba kaunti na bandari wachangie.