Tuanze na muzigo

Kila yanapotajwa makazi ya bei nafuu Wakiso au Mukono, wilaya za Uganda zinazopakana na Kampala, tunaonyeshwa maghorofa na mikopo ya benki. Mfungaji katoni wa kiwanda cha Namanve hana hati ya kuweka rehani. Anapanga muzigo, chumba kimoja cha futi 10 kwa 12 hivi, na kesho atakuwa humo humo. Basi tumsaidie anayeujenga muzigo huo.

Huyo mara nyingi ni mtu mwenye kibanja, yaani kiwanja anachokikalia bila hati, kwenye ardhi ya mailo (umiliki wa hati wa Uganda) ya mwingine, kwa hiyo benki haimkopeshi. Anajenga polepole kwa matofali ya kuchoma: kuni za tanuri, udongo wa simenti mnene kati ya tofali na tofali kwa sababu hayalingani, halafu plasta ya kuficha kasoro. Gharama yote hiyo humrudia mpangaji kwenye kodi.

Tofali la kufungamana, linaloshikana na jingine kwa umbo lake, la moramu (udongo mwekundu wa changarawe) na simenti kidogo, lisilochomwa, linapunguza mengi ya hayo. Ila lina masharti yake. Udongo mweusi wa juu utupwe, mizizi yake huoza ndani ya tofali. Wa chini upimwe: jaza udongo mbichi kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, uache ukauke, kisha pima ulivyonywea. Ukinywea chini ya milimita 12, changanya simenti debe 1 kwa udongo madebe 18. Ukinywea milimita 40 hadi 50, debe 1 kwa 12. Maji ndiyo yanayowashinda mafundi wengi. Finyanga donge, liangushe toka usawa wa kifua: likibaki zima, maji yamezidi, likiwa unga, hayatoshi, likipasuka vipande vichache, shindilia kwenye mashine. Funika kwa nailoni, mwagilia wiki nzima, na usijengee kabla ya siku 28. Wenye haraka hujenga siku ya tano, kisha wanasema teknolojia ni mbovu. Paa nalo litokeze vya kutosha, maana matone ya mvua hula ukuta chini.

Manispaa inunue mashine za kushindilia, iwaazime wenye vibanja, na iwatake kitu badala yake: wamdai mpangaji kodi ya mwezi mmoja mbele, si mitatu, na wampe mkataba wa maandishi. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inazuia kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini inalazimisha maandishi pale tu thamani ya mkataba inapofika shilingi 500,000. Muzigo wa mwezi kwa mwezi kwa kawaida uko chini ya hapo. Bila karatasi, mpangaji atathibitishaje kodi ya mwaka jana ilikuwa ngapi? Ninaona hili ni dhuluma kwa wale wale waliohitaji kulindwa kwanza.

Ukurasa mmoja unatosha: kiasi, tarehe, maji ya nani, na choo kikijaa nani analipa gari la kunyonya.