Nguzo za Namoratunga: kalenda ya nyota au makaburi?

Ukitoka Lodwar kuelekea Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, unapita kando ya nguzo nyeusi za mawe ya basalti zilizosimama zikiinama huku na huku. Waturkana wanapaita Namoratunga, na simulizi yao inasema ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Wasomi nao wamekuwa na simulizi yao kwa zaidi ya miaka 40: kwamba nguzo hizi zilikuwa kalenda, na waliozisimamisha walizitumia kusoma nyota.

Dai hilo lilitolewa mwaka 1978 na wanaakiolojia B. M. Lynch na L. H. Robbins katika jarida la kisayansi la Science. Walipima nguzo 19 na kusema kwamba mistari inayoziunganisha inaelekea pale zinapochomoza nyota saba au makundi ya nyota ambayo Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia wanayatumia kuhesabia miezi. Kati yake kuna Kilimia, ambacho Waborana wanakiita Busan, Aldebaran wanayoiita Bakkalcha, na Sirius ambayo kwao ni Basa. Kwa hesabu ya Lynch na Robbins nguzo zilisimamishwa mnamo 300 KK, na wakahitimisha kuwa Wakushi wa kale wa eneo hilo, jamii ya lugha ambamo Waborana nao wamo, walikuwa tayari na kalenda inayofanana na ya Waborana wa leo.

Hoja hiyo haikuwa ya kubahatisha tu. Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia kutoka Eritrea, alikuwa ameshaeleza kalenda ya Waborana katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu Gada, mfumo wao wa marika na uongozi: mwaka wa siku 354, miezi 12, na majina 27 ya siku yanayozunguka bila kujali mwezi unaishia wapi. Kwa hiyo nyota za kutafuta zilijulikana kabla ya kupima, na hiyo ni nidhamu nzuri kuliko kuokota nyota yoyote inayoangukia kwenye mstari. Kulikuwa pia na jambo la heshima. Mwaka huo 1978 Zimbabwe ilikuwa bado Rhodesia, na serikali ya walowezi ilikuwa ikibana maandishi yaliyosema wazi kwamba Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe, ilijengwa na Waafrika. Kusikia wakati kama huo kwamba wafugaji wa Turkana walipima anga miaka 2,000 na zaidi iliyopita kulikuwa na uzito wake, na naelewa kwa nini wengi walilipokea dai hilo kwa mikono miwili.

Lakini lilianza kutetereka mapema. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper aliandika kwamba mawe yenyewe yana usumaku, na usumaku unaipotosha dira. Vipimo vya mwanzo vilihitaji kurudiwa.

Hata tukiliacha suala la dira, hesabu inaleta shida kubwa zaidi. Nguzo 19 ukiziunganisha mbili mbili zinakupa mistari 171. Kila mstari una ncha mbili, kwa hiyo unapata pande 342 za kutazama, na upeo wote wa macho una nyuzi 360 tu. Hapo ni wastani wa karibu mwelekeo mmoja kwa kila uzi. Chagua nyota saba zozote, utapata mistari inayozielekea. Ongeza kwamba nguzo zimeinama: je, unapima kutoka kileleni au kwenye shina? Ukihama kidogo tu kwenye nguzo zilizo karibu karibu, mstari wako umeshahamia nyota nyingine.

Kwa maoni yangu, hoja nzito kuliko zote ni ya tarehe. Utafiti wa miaka ya karibuni kuzunguka ziwa, ulioongozwa na mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand na wenzake, umezirudisha nyuma nguzo za aina hii, Kalokol ikiwamo, hadi miaka kati ya 5,000 na 4,000 iliyopita, wakati wafugaji wa kwanza walipofika huku. Na pale Lothagam Kaskazini, mahali pengine penye nguzo kama hizi magharibi mwa ziwa, katika taarifa yao ya mwaka 2018, walieleza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 ambalo chini yake walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake na watoto, wengi wakiwa na mapambo yao.

Hapo nyota zinahama. Mhimili wa dunia unayumba polepole kwa mzunguko wa miaka kama 26,000, na mahali nyota inapochomoza panabadilika nao. Leo Kilimia kinachomoza Turkana kama nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki kamili. Mnamo 300 KK zilikuwa kama 15. Mnamo 3000 KK kilichomoza karibu kabisa na mashariki kamili. Mstari uliolengwa kwa anga la 300 KK hauwezi kuwa kazi ya watu waliosimamisha jiwe karne nyingi kabla yake.

Watetezi bado wana la kujibu, na halistahili kupuuzwa. Kaburi halikatazi kalenda: mahali pa kuzikia wapendwa ndipo watu hukusanyika kwa nyakati maalumu, na nyakati hizo lazima zihesabiwe kwa kitu fulani. Tena nguzo zilizosimama muda wote huo zingeweza kutumiwa na watu waliokuja baadaye, kwa shughuli ambayo wajenzi hawakuikusudia. Yote mawili yanawezekana. Ila kuwezekana si ushahidi, na kwa nguzo za Kalokol naona ushahidi wa makaburi umetangulia mbali.

Kinachonisumbua ni namna tunavyotaka jiwe ndilo lituthibitishie kwamba watu wa kale waliishi kwa kutegemea anga la usiku. Tunao ushahidi ulio hai. Pwani wakulima wamerithi msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni maelezo sahihi ya kitu kinachoonekana: Kilimia hupotea upande wa magharibi baada ya jua kuzama mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika, na kurudi mashariki alfajiri mwezi wa Juni. Utabiri wenyewe wa mvua unaweza kukosea mwaka huu au ule, lakini huwezi kuutunga msemo huo bila vizazi vya watu kutazama nyota zilezile mwaka baada ya mwaka.

Na Waborana wana ayyaantu, wajuzi wa siku na nyota, wanaobeba kalenda nzima kichwani. Hapa pia pana mjadala. Maelezo ya kwanza yalisema kila mwezi kati ya miezi sita huanza mwezi mwandamo unapokutana na nyota yake. Mwaka 1987 Clive Ruggles, mtafiti wa elimu ya nyota ya watu wa kale, alionyesha ugumu wake: mwezi mwandamo uko daima magharibi karibu na jua, na nyota hizo zimekaa karibu karibu mno angani kuweza kugawana miezi sita kwa namna hiyo. Mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Marco Bassi alichapisha taarifa kutoka kwa Waborana wenyewe, akaiita ya awali.

Neno hilo "ya awali" lilipaswa kutushtua. Nguzo za Kalokol zitakuwepo kesho zikilindwa, na zinaweza kupimwa tena. Ayyaantu ni wazee, na kalenda inayofuata mwezi na nyota pamoja haielezeki kwa mahojiano ya mchana mmoja. Vyuo vikuu vyetu vimtume mwanafunzi anayejua Kiborana, akae nao Marsabit au Moyale mwaka mzima, mwandamo hadi mwandamo, akiandika usiku kwa usiku mzee anatazama nyota gani, saa ngapi, na anafanya nini anga likifunga mawingu.